Kutoka mchezo wa ngagi mpaka orodha za wahami: njia yangu katika kazi ya ordinatere

Ndugu wasikilizaji, nanyi wahami mulio kwa jamaa, makanisani na mashuleni, leo sileti habari ya bei ya unga wala ya barabara ya Sake. Vijana wananisimamisha kila mara njiani: «Yaya, namna gani mtu anafika kwa kazi ya ordinatere hapa Goma, hapa pasipo umeme wa kudumu?» Wengi wao wako na telefone moja yenye kioo kilichopasuka, na hiyo moja wanaitumia watu watano nyumbani. Nimekuwa nikiwajibu nusu-nusu, mmoja juu ya moto, mwingine kwenye foleni ya maji. Nimeona heri niandike jibu zima, maana hata wazazi wanauliza, na wazazi wanauliza kwa ukali zaidi: kazi hiyo inalisha?

Inalisha. Si kila mwezi.

Mimi ni mzaliwa wa 1989. Baba mdogo alikuwa na sekretaria katikati ya mji, yaani kale kaduka ka kuandikia barua na kupiga fotokopi. Tarehe 17 Januari 2002 volkano Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, na kaduka kale kakabaki chini ya mawe pamoja na mashini za kupiga chapa. Tuliporudi kutoka Gisenyi, baba mdogo alikopa pesa, akajenga kibanda cha mbao juu ya lava, akanunua ordinatere mbili za okazyo. Moja ilikuwa na Windows. Ile ingine, ya zamani zaidi, ilikuwa na MS-DOS tu: kioo cheusi na maandishi meupe. Wateja hawakuitaka. Ndiyo nikapewa mimi, mtoto wa miaka 13, ili nijifunze kupiga chapa baada ya masomo bila kugusa ile nzuri.

Ndani ya mashini ile kulikuwa programu inayoitwa QBasic, na pamoja nayo mchezo mmoja: gorila wawili wanasimama juu ya majumba marefu na kutupiana ndizi zinazolipuka. Muwaze furaha ya mtoto wa Goma aliyekuta ngagi ndani ya ordinatere! Sisi tunaishi chini ya milima yao, na wageni wanalipa mamia ya dola kwenda kuwaona. Unaandika pembe, unaandika nguvu, ndizi inaruka. Lakini jambo lililonishika lilikuwa lingine. Ili kucheza, ulifungua kwanza maandishi ya mchezo wenyewe, kurasa na kurasa, kisha ukabonyeza F5. Mchezo na maandishi yake vilikaa pamoja mbele ya macho yako, hakuna kilichofichwa. Mwanzoni unaulizwa nguvu ya uvutano, na unaambiwa kwamba ya dunia ni 9.8. Nikaweka 2. Ndizi ikapotea angani. Siku iliyofuata nikaingia ndani ya maandishi, nikabadili namba moja huku, neno moja kule, mpaka ndizi moja ikaweza kubomoa jumba zima.

Kiingereza sikukijua, maana shuleni tulisoma kwa Kifaransa. IF, THEN, GOTO, PRINT nilizijua kama dereva anavyojua alama za barabara: hii inasimamisha, hii inarudisha nyuma. Mpaka leo mgeni akinisemesha kwa Kiingereza na kuanza na «if», ninangojea «then» yake.

Baba mdogo hakupenda. Umeme ulikuwa unakuja saa chache, siku zingine usiku wa manane tu, na mimi ninaumaliza kwa ndizi. Alisema: «Mashini hii itakula nyumba yangu.» Kilichomgeuza ni fotokopi. Kila jioni hesabu ya karatasi haikulingana na pesa zilizomo sandukuni. Nikatengeneza programu ndogo, mistari labda arobaini. Unaandika namba ya kaunta ya mashini asubuhi na jioni, unaandika karatasi zilizoharibika, inakupa pesa zinazopaswa kuwemo. Baada ya wiki mbili baba mdogo alijua ni siku gani pesa zinapotea. Hakumfukuza mtu. Alibadili tu anayeshika sanduku siku hizo, na mimi akaniambia: «Endelea na ngagi zako.»

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilitoka shuleni. Munajua buletini zetu: pointi za kila somo, makisima, asilimia, na nafasi ya mtoto darasani. Walimu walikuwa wakikaa usiku tatu na mshumaa, wanajumlisha kwa kalkilatrisi, kisha mzazi mmoja anakuja na kuonyesha kwamba mtoto wake amenyimwa pointi sita. Mwaka wa 2008 niliandika programu ya kufanya hesabu zile. Tulipatana dola 40. Nusu ya kwanza ilikuja kwa pesa, nusu ya pili kwa gunia la makala. Mama alifurahia makala kuliko dola.

Chuo kikuu nitakipita haraka. Tulikuwa wanafunzi zaidi ya hamsini na mashini sita, nne zikiwa nzima. Pascal tulijifunza ubaoni kwa choki. Watu wanalicheka jambo hilo, lakini mimi nililipata faida. Mtu aliyefundishwa kusoma programu kwenye ubao anazoea kuiendesha kichwani, mstari kwa mstari, kabla ya kugusa klavye, na katika mji ambamo umeme unakatika bila kuaga hiyo ni mali. Wakati ule ule rafiki mmoja alituletea CD za Ubuntu kutoka Kigali. Watengenezaji wake walikuwa wanazituma bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Hapo nikajua kwamba kuna watu duniani wanaoandika programu na kuziacha wazi, kama ule mchezo wa ngagi, kila mtu aingie ndani na kubadili.

Sasa nije kwa kazi yenyewe ya ushauri. Kwenye mashirika wanatuita konsilta, na vijana wanadhani konsilta ni mtu wa koti na laptopu anayelipwa kwa kusema. Kusema kunachukua saa moja. Siku zingine zote ni kukaa pembeni ya mtu anayefanya kazi na kuangalia mikono yake. Muganga mkuu wa kituo kimoja cha afya aliniita nimchagulie seva. Serikali inakusanya hesabu za magonjwa kwa mfumo unaoitwa DHIS2, ulioanzia Afrika ya Kusini na kukuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo huko Norwe, na kila moja ya zone za afya 519 za Congo inatakiwa kupeleka hesabu zake. Yeye alikuwa anachelewa kila mwezi. Nilikaa naye siku mbili. Nikaona kwamba rejista zake za karatasi ni safi kuliko za mahali pengi. Kilichokosekana ni umeme siku moja tu ya mwezi, ile siku ya kupeleka. Nikamwambia: nunua batri nzuri, plaki ya jua na telefone moja, pesa zingine weka kwa dawa. Malipo yangu yalipungua, kwa sababu asilimia niliyopaswa kupata juu ya vifaa ilipungua. Lakini yule muganga ameniletea wateja watatu tangu siku hiyo.

Ninyi wahami munanijua zaidi kwa orodha. Hapa nitakaa kidogo, maana jambo hili linawahusu.

Orodha ya wahami ni programu kama ingine, ila ikikosea, familia inarudi nyumbani na gunia tupu. Siku hizi mashirika mengi yanatumia KoboToolbox: mwandikaji anajaza maswali ndani ya telefone bila intaneti, na yanaenda yenyewe mtandao ukipatikana. Ni chombo kizuri, na ni cha bure. Shida inakuja nyuma, wakati wa kuondoa majina yaliyoandikwa mara mbili. Mwaka mmoja niliitwa kwa sababu wamama wengi walikuwa wakilalamika kwamba majina yao yamefutwa. Mtu wa mbali, ambaye hajawahi kufika hapa, alikuwa ameiambia mashini ifute kila jina linalojirudia ndani ya eneo moja.

Ninyi munacheka, kwa sababu munajua. Kwa Wanande mtoto wa kiume wa pili ni Kambale na wa tatu ni Kasereka. Ukiandikisha watu waliotoka kijiji kimoja upande wa Lubero, utapata Kambale thelathini, na wote ni watu kweli, kila mmoja na tumbo lake. Ukiongeza tarehe ya kuzaliwa ili kuwatofautisha, haikusaidii sana. Mtu asiyejua tarehe yake anaandikiwa tarehe 1 Januari, na wasiojua ni wengi. Nchi yetu haijafanya hesabu ya jumla ya watu tangu 1984, na kadi tunayoonyesha kama kitambulisho ni kadi ya uchaguzi, ambayo wengi waliiacha ndani ya nyumba walipokimbia.

Upande mwingine kuna mtu mmoja anayeonekana kama watatu. Mwandikaji aliyesoma kwa Kifaransa anaandika Choukourou, mwingine anaandika Shukuru, wa tatu anaandika Chukuru. Rukundo anakuwa Lukundo. Kuna njia ya zamani ya kulinganisha majina kwa sauti yake, inaitwa Soundex. Ilipata hati yake Marekani mwaka wa 1918, na ilitengenezwa kwa majina ya Kiingereza. Kwa majina yetu haifai ilivyo. Nikaandika ya kwetu: r na l ni kitu kimoja, ch, sh na tsh ni kitu kimoja, ou ni u. Na zaidi, nikaizuia mashini isifute kitu. Inaonyesha tu majina mawili yanayofanana, kisha mtu mzima aliyetoka kijiji kile, mara nyingi mama mkuu wa bloki, anaulizwa: hawa ni mmoja ao wawili? Siku ya kwanza mama mmoja alimaliza kurasa nne kwa nusu saa, bila miwani. Alikuwa anajua nani ni mke wa nani na nani amezaa wiki iliyopita. Programu yangu ilikuwa inamshikia kalamu tu.

Basi, habari ya safu ya kabila. Kuanzia 2022, watu walipokuwa wakimiminika kutoka Rutshuru mpaka Kanyaruchinya, shirika moja lilinipa kazi ya miezi mitatu. Jina lake nitaliacha. Mkataba ulikuwa mzuri, mzuri kuliko yote niliyopata kabla. Fomu ilikuwa na maswali ya kawaida: jina la mkubwa wa nyumba, watoto wangapi, kijiji, groupement, mahali wanapolala sasa. Katikati kulikuwa na safu: kabila.

Niliuliza ni msaada gani utakaobadilika kufuata jibu la safu ile. Maharagwe ni yale yale, tarpaulini ni ile ile. Wakaniambia ofisi ya juu inaitaka. Nikauliza nani atakayepewa orodha ikikamilika, na itakaa wapi. Wakaniambia itatumwa kwa kundi la WhatsApp la wasimamizi, ili kazi iende haraka.

Sina haja ya kuwaeleza ninyi orodha kama ile ni nini katika jimbo hili. Jina la mtu, kabila lake, kijiji alichotoka na hema analolala usiku wa leo, vyote kwenye mstari mmoja, ndani ya telefone ishirini ambazo yeyote mwenye bunduki anaweza kuzichukua kwenye barieri. Nikapendekeza njia ingine: safu ya kabila iondoke, jina litenganishwe na mahali anapolala, kila familia ipate namba kwenye jetoni, na ufunguo wa kuunganisha ubaki kwa watu wawili tu. Nilichora yote kwenye karatasi. Walisema ni vizuri, lakini hakuna muda. Nikarudisha mkataba bila sahihi.

Nilipofika nyumbani bibi yangu alisikiliza yote mpaka mwisho, kisha akauliza: «Na nyumba?» Maana yake, pesa ya kupanga, miezi miwili tuliyokuwa tunadaiwa. Sikuwa na jibu. Tuliuza jenereta. Kazi ile ilipewa mtu mwingine, na mimi sijui orodha ile iko wapi leo. Nikikutana na kijana wa shirika lile tunasalimiana vizuri.

Kwa hiyo ninawaomba, mukiandikishwa: mukiulizwa swali ambalo halihusu msaada, muko na haki ya kuuliza linatumikia nini. Mutunze jetoni, muandike namba yake mahali pengine, hata kwenye daftari ya mtoto. Na musikubali mtu apige picha orodha iliyobandikwa ukutani ili «kuwasaidia» kwenye Facebook.

Nirudi kwa vijana na swali lao la kazi inayolisha. Wengi wanataka wateja wa nje, Ulaya ama Kanada, kwa sababu wanalipa vizuri. Ni kweli wanalipa. Lakini mteja wa nje hajui kwamba nchi inaweza kuzimwa. Baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchi nzima, na ilirudi siku kama ishirini baadaye. Mimi nilikuwa na kazi ya kukabidhi tarehe 5 Januari. Kila asubuhi nilikuwa navuka mpaka kwenda Gisenyi na laptopu, ninanawa mikono na kupimwa joto, maana ilikuwa wakati wa Ebola, ninalipa kahawa moja na kukaa nayo saa nne. Waliobaki Goma walikuwa wanasogea karibu na mpaka kutafuta mtandao wa Rwanda, telefone juu kama mtu anayetafuta mwezi. Nilikabidhi kwa wakati. Wenzangu wawili wasiokuwa na karatasi za kuvuka walipoteza wateja wao, na wateja wale hawakurudi.

Mwaka wa 2021 volkano ilipopasuka tena, tarehe 22 Mei, na siku chache baadaye tukaambiwa tuondoke mjini, nilikimbia kuelekea Sake na diski mbili ndani ya kifuko cha mchele. Moja ya kazi yangu, moja ya wateja. Tangu hapo ninaweka nakala tatu: moja kwangu, moja kwa ndugu Bukavu, moja kwa intaneti. Wateja wadogo wananicheka wanapoona ninawaandikia jambo hilo kwenye mkataba. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, hawakucheka. Duka moja la dawa liliporwa mpaka rafu, lakini madeni ya wateja wake na hesabu za stoki zilikuwa Bukavu, na lilianza tena kutoka hapo. Benki zilifungwa, na mimi nikaanza kulipwa kwa pesa ya telefone, kidogo-kidogo, na makato yanauma. Mashirika mengi yalisimamisha mikataba mwaka ule, baada ya Marekani kukata pesa za misaada. Ninaandika haya ili kijana asidanganywe na picha za mtu anayeandika programu kando ya bwawa la kuogelea.

Na jambo dogo ambalo huwa linanizunguka kichwani. Ndani ya telefone zetu zote kuna vipande vidogo vya tantali, na tantali inatoka kwenye koltani, na koltani inachimbwa Rubaya, pale Masisi, ambako baadhi yenu mulikimbia. Jiwe linatoka kwetu kwa chepe, linazunguka dunia, linarudi limefungwa ndani ya kioo, na tunalinunua kwa deni. Kuandika programu ndani yake kunabakisha kitu kidogo cha bei ile hapa.

Anayetaka kuanza, asingoje ordinatere. Python inaingia ndani ya telefone ya Android, ni bure, na ukishaiweka haihitaji intaneti. Anza na tatizo lililo mbele ya macho yako. Jumamosi ninakaa na vijana saba kwenye baraza la kanisa, na telefone nne. Msichana mmoja wa miaka 17, kutoka Kitshanga, ameandika programu ya likelemba ya wamama wanaouza sombe: nani ameweka, nani amepokea, nani anafuata. Wiki iliyopita wamama walimkataa, kwa sababu programu ilikuwa inaonyesha deni la kila mmoja mbele ya wote. Hakukasirika. Alikaa nao sokoni siku nzima, akarudi na jibu: kila mama awe na namba yake ya siri, na mwenye sanduku peke yake ndiye aone yote. Sasa anatafuta namna ya kufanya namba ile isomwe kwa sauti, kwa wale wasiojua kusoma. Mimi sijui kulifanya hilo kwenye telefone ya bei rahisi. Jumamosi ijayo tutajaribu, kuanzia saa tatu ya asubuhi, kama plaki ya jua itakuwa imepata jua.